Msalaba Ukiinuliwa, Shetani Anarudi Nyuma?

*Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la kipaimara katika usharika mmoja hapa Mbeya. Vijana wangu wanaangalia filamu za kutisha kwenye simu, hasa The Conjuring 2 na The Nun. Mzee mmoja wa kanisa anasema hizo ni kazi za kumtukana Kristo, tuzipige marufuku. Nikaona nizitazame mwenyewe kwanza, na sasa nimechanganyikiwa. Mbona humo anayeshindwa ni shetani, na anayeshinda ni mtu aliyeshika msalaba? Na kwa nini kila mara ni padri, mchungaji haonekani? Filamu zisizo za kutisha ndizo naona zinatusema vibaya zaidi. Je, Hollywood inatuchukia au inatutangaza? Halafu kuna kijana mmoja, tangu aone misalaba ikijigeuza kichwa chini ukutani, hataki tena kulala chumbani kwa bibi yake kwa sababu kuna msalaba. Nimwambie nini?*

Marahaba, Mwalimu. Wewe na mzee wako wa kanisa mmetazama kitu kilekile, ila yeye amehesabu matusi na wewe umeangalia nani anashinda. Mimi niko upande wako. Wanafunzi wangu wa uhakiki wa filamu, tukifika kwenye filamu za kutisha, huwa nawapa swali moja tu la kuanzia: msalaba ukiinuliwa, unafanya kazi? Jibu la swali hilo litakuonyesha msimamo wa filamu kuhusu Ukristo kuliko damu yote inayomwagika humo.

Chukua wanyonya damu, maana kwao jambo hili liko wazi. Bram Stoker, Mwailandi wa Kiprotestanti, alipochapisha riwaya ya Dracula mwaka 1897 aliwapa mashujaa wake silaha za Kikatoliki: msalaba na hostia, yaani mkate wa misa. Katika filamu ya mwaka 1931 Bela Lugosi, anayeigiza Dracula, anaonyeshwa kamsalaba kadogo, anageuza uso na kujikinga kwa joho lake. Mwaka 1958 Waingereza wakaitengeneza upya, na humo Peter Cushing, mwindaji wa wanyonya damu, amebanwa, hana msalaba mkononi. Anavamia vinara viwili vya mishumaa vilivyokuwa mezani, anavikutanisha, kimoja wima kimoja kikikatisha, na Christopher Lee, ambaye ndiye Dracula, anarudi nyuma hadi kwenye mwanga wa jua unaommaliza. Vinara vya mezani, Mwalimu! Havikubarikiwa na mtu yeyote, lakini umbo la msalaba tu limetosha.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1967 Roman Polanski anatoa vichekesho ambamo mwanamke anamwinulia msalaba mnyonya damu aliyekuwa Myahudi, naye anacheka tu: umekosea mlango, mama. Mwaka 1985, katika Fright Night, mzee mwoga anainua msalaba huku mkono ukimtetemeka, na mnyonya damu anamwambia kwamba bila imani chombo hicho hakimfanyi kitu. Mwaka 1994, katika Interview with the Vampire, mnyonya damu anamwambia mwandishi wa habari kwamba yeye misalaba anapenda kuitazama. Yaani katika miaka 63 msalaba umetoka kuwa silaha, ukawa kipimo cha imani ya aliyeushika, ukaishia kuwa pambo. Na njia nzima hiyo hakuna aliyemtukana Kristo. Kilichobadilika ni watazamaji wa Ulaya na Marekani, na sinema ikawafuata.

Mama wa filamu zote za mapepo ni The Exorcist ya mwaka 1973. Mzee wako akianza kuhesabu matusi humo atashinda mapema sana: sanamu ya Bikira Maria inachafuliwa ndani ya kanisa, na msichana wa miaka 12 anautumia msalaba kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Lakini William Peter Blatty, aliyeandika riwaya na mswada wake, alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, chuoni Georgetown, Washington. Mbegu ya hadithi aliipata kwenye habari ya mwaka 1949 kuhusu mvulana wa Maryland aliyefanyiwa ibada ya kutolewa pepo. Kwake ile riwaya ilikuwa hoja ya kutetea imani: kama shetani yupo kweli, basi na yule mwingine yupo.

Padri Karras wa filamu hiyo ni Mjesuiti na ni daktari wa akili pia. Mama yake amefariki akiwa peke yake New York, na imani yake imeanza kumponyoka. Mama wa mtoto hana dini kabisa. Anazunguka kwa madaktari, mtoto anachomwa sindano shingoni, anawekwa kwenye mitambo inayogonga kama nyundo. (Mimi hadi leo sehemu ya hospitali ndiyo inayonitisha. Kichwa kinachozunguka nimeshakizoea.) Wanaomshauri hatimaye ajaribu kanisa ni madaktari wenyewe, baada ya kushindwa.

Je, msalaba unafanya kazi humo? Mapadri wawili wananyunyiza maji ya baraka na kurudia mara nyingi kwamba nguvu za Kristo zinamlazimisha pepo. Mtoto aliyekuwa anaelea anashuka kitandani. Kisha padri mzee anakufa kwa moyo, na Karras anapandwa na hasira, anampiga yule mtoto, anamwambia pepo aingie kwake. Linapoingia anajirusha dirishani na kubingirika kwenye ngazi ndefu za mawe hadi chini barabarani. Watu wengi walitoka ukumbini wakisema shetani ameshinda, jambo lililomkera sana Blatty.

Lakini mwambie mzee wako atazame pale chini ya ngazi. Padri mwingine, Dyer, anapenya kwenye umati, anapiga magoti, anamshika mkono rafiki yake na kumuuliza kama anataka kuungama. Karras hawezi kusema. Vidole vyake vinabana, basi. Dyer anamtamkia ondoleo la dhambi huku mikono ikimtetemeka. Aliyeigiza nafasi hiyo, William O'Malley, alikuwa Mjesuiti wa kweli, si mwigizaji wa kazi. Mwongozaji, William Friedkin, alimzaba kofi kabla tu ya kupiga picha ili apate mtetemeko anaoutaka. Kwa hiyo unachokiona ni padri wa kweli, ametoka kupigwa kofi, anatamka maneno aliyoyazoea katika utumishi wake. Kilichomwokoa mtoto ni mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya asiyemjua, halafu akafa akiungama. Fungua Yohana 15:13 usome, kisha uniambie kama hiyo ni filamu ya kuupinga Ukristo. Kwa watoto wa kipaimara haifai hata kidogo, hilo ni jambo jingine.

Umeuliza kwa nini ni padri kila mara. Nikiwa kijana niliona filamu moja ya aina hii kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, joto kama tanuri. Padri alipofungua kitabu chake na kuanza kusoma Kilatini taratibu, jamaa mmoja wa mbele akapayuka: "Acha kusoma wewe, kemea!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule jamaa alisema jambo zito kuliko alivyodhani. Sisi tuna njia mbili za kumshughulikia pepo. Kuna kupunga, kwa ngoma na ubani, pepo anaulizwa jina lake na anachotaka, anapewa, mambo yanaisha kwa maelewano. Na kuna kukemea, kwa jina la Yesu, kwa sauti, bila mazungumzo. Padri wa Hollywood hafanyi hili wala lile. Anasoma, tena taratibu iliyotolewa Roma mwaka 1614 na kurekebishwa mwaka 1999, na ili aisome anahitaji ruhusa ya askofu wake.

Kwa mtu mwenye kamera hiyo ni mali. Kuna stola ya zambarau, kile kitambaa cha shingoni, kitabu cha kale, maji, chumvi, msalaba, lugha asiyoielewa mtazamaji, ngazi ya vyeo ya kuomba kibali. Mchungaji wa Kilutheri au wa Kimoraviani ana Biblia na mdomo wake. Ukimpiga picha utapata mtu anayeongea. Wanigeria, hata hivyo, wameonyesha kwamba mdomo unatosha. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyowasha moto wa filamu za video za Nigeria, inamhusu mtu aliyemtoa mke wake kafara ili atajirike, mzimu wa mke ukamwandama hadi akili ikaruka, na aliyemwokoa ni mlokole kwa maombi. Mfumo huo umezaa filamu zisizohesabika, nasi huku tumeziangalia tangu enzi za kanda. Humo jina la Yesu halishindwi hata siku moja. Nakiri zinanichosha kwa sababu hiyohiyo: mchungaji akishaingia sebuleni najua zimebaki dakika kumi.

Mprotestanti yupo Hollywood, Mwalimu, ila amepewa kazi nyingine. Padri anapigana na hatari. Mhubiri wa Kiprotestanti mara nyingi ndiye hatari yenyewe. Kumbuka mama wa Carrie, filamu ya mwaka 1976, anayemfungia bintiye kabatini ili asali na kutubu. Kumbuka Bi Carmody katika The Mist ya mwaka 2007, anayewageuza wanunuzi waliokwama kwenye duka kuwa umati unaodai kafara. Lakini babu yao wote ni Harry Powell wa The Night of the Hunter, ya mwaka 1955, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Tangu mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni ambazo zilikuwa zimeandikwa mwaka 1930 na Padri Daniel Lord, Mjesuiti, pamoja na Martin Quigley, Mkatoliki mchapishaji wa magazeti ya biashara ya sinema. Kifungu cha dini kilikataza kudhihaki imani yoyote, na kikakataza mtumishi wa dini, akiwa katika utumishi wake, kuonyeshwa kama mtu wa kuchekesha au mwovu. Ndiyo maana mapadri wa filamu za miaka ya 1940 wanaimba, wanakwenda na watoto kwenye mpira, wanatabasamu. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 1968, na mwaka huohuo Rosemary's Baby ilimzaa mtoto wa shetani katikati ya New York. Watu wanaosema Hollywood ilianza kuuchukia Ukristo kuanzia hapo wanasahau kwamba heshima ya awali ilikuwa ya kulazimishwa. Huwezi kujua jirani anakupenda kama amekatazwa kukusema.

Powell alipenya kanuni zikiwa hai, nadhani kwa sababu si mchungaji wa kanisa lolote. Ni tapeli anayejiita mhubiri, amechorwa tatuu vidoleni, mkono mmoja PENDO na mwingine CHUKI, anaoa wajane na kuwaua. Anawafukuza watoto wawili wenye siri ya pesa iliyofichwa, nao wanaokolewa na bibi mmoja mcha Mungu anayelea watoto waliotupwa. Usiku mmoja Powell anakaa nje ya nyumba akiimba wimbo wa kanisa wa kuegemea mikono ya milele, kwa sauti nzito, tamu kabisa. Bibi amekaa kwenye kiti ndani ya giza, bunduki magotini. Naye anaanza kuimba wimbo uleule. Sauti mbili zinapatana kama kwaya. Ila msikilize bibi vizuri: yeye anatia neno "Yesu" kwenye kiitikio, na Powell halitamki. Dini ya uongo na dini ya kweli zinaimba wimbo mmoja, na tofauti ni neno moja. Sijaona ukosoaji wa unafiki wa kidini unaouzidi huo, na hauna tusi hata moja. Hiyo filamu ningeionyesha darasa lako, uizime hapo, uwaulize wamesikia nini.

Kuhusu filamu za kawaida, jicho lako halijakosea. Huko ndiko ukosoaji mzito ulipo, kwa sababu hakuna pepo wa kubebeshwa lawama. Katika Spotlight, ya mwaka 2015, waandishi wa gazeti la Boston Globe wanakaa na vitabu vya orodha ya mapadri wa jimbo, mwaka baada ya mwaka, rula inashuka mstari kwa mstari, wakitafuta walioandikwa wako kwenye likizo ya ugonjwa. Hakuna mlango unaojifunga wenyewe wala muziki wa kutisha. Kuna rula na majina ya wanaume waliowadhulumu watoto na kuhamishwa parokia. Ilipopata Oscar ya filamu bora, gazeti la Vatikani lenyewe, L'Osservatore Romano, lilichapisha makala likisema si filamu ya kuupinga Ukatoliki. Mzee wako ajue hilo kabla hajakasirika.

Tena wakosoaji wakali hutoka ndani. Mwaka 1988 ukumbi wa sinema wa Saint-Michel, Paris, ulichomwa moto na waliopinga The Last Temptation of Christ, na watu zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Mwongozaji wake, Martin Scorsese, ujanani alisoma seminari ndogo akitaka upadri. Mwandishi wa mswada, Paul Schrader, alilelewa na Wakalvini, Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliokataza watoto wao kwenda sinema. Mike Flanagan, mwenye tamthilia ya Midnight Mass ya mwaka 2021, alikuwa mtumishi wa altare. Huyu wa mwisho ndiye aliyelijibu swali langu la msalaba kwa namna inayotia baridi mgongoni. Padri wa kisiwa kimoja humo amekutana na mnyonya damu jangwani, na kwa kuwa kiumbe kina mabawa na kimemrudishia ujana, anakiita malaika. Damu ya kiumbe hicho anaitia kwenye divai ya misa. Msalaba upo ukutani saa zote na kiumbe hakiuogopi, kwa sababu waumini wenyewe ndio waliokikaribisha, tena kwa aya za Biblia zilizochaguliwa vizuri. Mwenye akili timamu kuliko wengi kisiwani humo ni mkuu wa polisi, Mwislamu, ambaye shuleni anapinga Biblia zisigawiwe darasani huku akieleza kwa upole kwamba dini yake inamheshimu Yesu. Kuna saa nahisi Flanagan anahutubu mno, wahusika wanapeana hotuba za dakika nane. Lakini mwisho wake, watu wameketi nje wakilisubiri jua linalokuja kuwaua, wanaimba wimbo wa kumkaribia Mungu. Anayewachukia waumini hawezi kupiga picha ile.

Tukija kwa hizo mbili za vijana wako: mfululizo wa Conjuring, ambamo The Nun pia imo, ndio unaouamini Ukristo kwa urahisi kuliko zote nilizokutajia. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2013, iliandikwa na mapacha Chad na Carey Hayes, Wakristo wasioficha imani yao. Katika ya pili, pepo anavaa umbo la mtawa makusudi ili kumtikisa imani Lorraine, mke katika wale wanandoa wanaopambana na mapepo, na anashindwa pale Lorraine anapokumbuka jina lake na kulitamka. Umeshaijua imetoka wapi: Marko sura ya 5, "Jina lako nani?" Kwa hiyo lawama yangu kwao haihusu kufuru. Ni yale maneno ya mwanzo, kwamba hiki ni kisa cha kweli.

Hapo ndipo ningemwomba mzee wako aelekeze hasira yake. Mwaka 1976, huko Klingenberg, Ujerumani, msichana aliyeitwa Anneliese Michel alifariki akiwa na miaka 23, amekonda hadi kilo kama 30. Alikuwa na kifafa na matatizo ya akili, na kwa miezi kumi mapadri wawili walimfanyia ibada za kutoa pepo mara 67, kwa kibali cha askofu, wakati chakula na matibabu vimeachwa. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani mapadri hao pamoja na wazazi wake kwa uzembe uliosababisha kifo. Kisa hicho kimezaa filamu mbili karibu kwa pamoja. Ya Marekani, The Exorcism of Emily Rose, ya mwaka 2005, inaweka kesi mahakamani, lakini kila shahidi akianza kueleza unaonyeshwa pepo kwa macho yako. Ukitoka humo umeamini. Ya Ujerumani, Requiem, ya mwaka 2006, haikuonyeshi pepo hata mara moja. Unamwona binti anaanza chuo, anapata rafiki, anacheza muziki, mkono unakataa kushika rozari, na watu wanaompenda wanaomba zaidi badala ya kumpeleka hospitali. Haitishi hata kidogo, na sikuweza kula jioni ile. Kumbuka pia kwamba hata katika The Exorcist madaktari walitangulia, na padri mwenyewe alikuwa daktari wa akili. Waambie vijana sehemu hiyo, maana kwenye simu huwa wanairuka.

Na yule kijana anayekwepa chumba cha bibi. Usimcheke, na usimpe mahubiri. Kaa naye umwambie kwamba watengenezaji wa filamu ile wamemchezea shere: alama waliyomtishia nayo ni ya mtume. Mapokeo ya kanisa yanasema Petro alipohukumiwa kusulubiwa Roma aliomba apigiliwe kichwa chini, kwa kuona hastahili kufa kama Bwana wake, na msalaba uliopinduliwa umeitwa wa Petro tangu zamani. Kwa hiyo msumari wa bibi ukilegea usiku na msalaba ukaning'inia kichwa chini, aamke, aunyooshe, arudi kulala.